Flashi ya steji au sahani ya zamani? Pale maneno ya benga yanapopotea, na huduma inayoyarudisha

Muuzaji wa flashi kwenye steji ya Kisumu huanza na idadi: nyimbo elfu moja, benga tupu (ule muziki wa magita wa Wajaluo), zilizopendwa tupu. Kwa safari ya kwenda Nakuru flashi hiyo inatosha na kusaza. Gari linachangamka, dereva hasinzii, abiria wanatikisa vichwa. Ila kwa mtu anayetaka kujua wimbo alioucheza miaka ishirini unasema nini hasa, hiyo ni pesa iliyotupwa ziwani, na kosa si kwamba hajui Kijaluo. Hata anayekijua vizuri atakwama palepale, maana nusu ya maneno haimo.

Anayetafuta maana ya wimbo wa zamani hukutana na huduma tatu katika miji yetu hii, kuanzia Nakuru hadi Busia: flashi iliyojazwa tayari, kibanda kinachohamisha sahani ya santuri au kaseti kuingia kwenye kompyuta, na mtu anayelipwa kuandika maneno na kuyatafsiri. Ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa moyo wote, lakini ukiiagiza vibaya utatoka na kitu kilekile cha steji kwa bei ya juu zaidi.

Tuanze na flashi, tumalizane nayo. Kasoro yake kubwa ni upande wa pili. Sahani ndogo ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, hubeba kama dakika tatu hadi nne kila upande, na benga haitoshi humo. Wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande mwingine. Katika sehemu ya kwanza mwimbaji hutandika jamvi. Anamtaja anayeimbiwa, anamsifu, anaweka ngero, yaani fumbo au methali. Katika sehemu ya pili magita yanapanda, gita la solo linachukua usukani, na mara nyingi ni katikati ya moto huo ndipo jambo lenyewe linapotajwa kwa jina: kijiji, baba wa mtu, waliobaki nyuma. Flashi za steji mara nyingi zina upande wa kwanza tu, au upande wa pili umetupwa nyimbo mia mbili mbele kwa jina lisiloeleweka. Msikilizaji anabaki na sifa bila kisa. Anadhani ni wimbo wa mapenzi.

Kasoro ya pili ipimwe kwa hesabu rahisi. Chukua ukubwa wa faili, ugawanye kwa dakika za wimbo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika 4 ukiwa na MB 2 tu, umekamuliwa hadi kilobiti 64 hivi. Zinazotangulia kukamuliwa ni sauti za juu, na humo ndimo zinamokaa s, f, th na ch. Irabu zinabaki, melodi inabaki, unaweza hata kuimba pamoja na redio, lakini huna uhakika kama umesikia tho, ambalo ni kifo, au dho, ambalo ni lugha, kama lilivyo katika Dholuo, jina la Kijaluo kwa Kijaluo chenyewe. Konsonanti moja inageuza wimbo mzima. Na kama faili hilo limetoka kwenye kaseti, likaingia simuni, likatumwa, likakamuliwa tena, ukubwa wake haukuambii kitu. Kilichopotea mwanzoni hakirudi kwa kuongezewa MB.

Kuna na hili la maneno yanayosemwa bila kuimbwa. Katikati ya benga magita hushuka kidogo na mtu akazungumza: anasalimia marafiki, anajisifu, anamwaga majina. Huo ni utamaduni wa pakruok, wa kujitambulisha kwa sifa, uliotoka kwenye nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na vikao vya pombe kabla gita halijafika. Wachanganyaji wa flashi huukata kwa sababu unapunguza kasi ya ngoma. Wanakata kadi ya utambulisho ya wimbo.

Basi tuingie kibandani.

Kibanda kizuri hakijulikani kwa ukubwa wa spika. Angalia sindano na uzito. Sahani za mizunguko 45 na 33 zina mfereji mwembamba, na sindano yake huwa na ncha ya mikroni 18 hivi. Zile nzito za 78, zinazovunjika kama kigae, zina mfereji mpana zaidi na zinataka sindano ya mikroni 75 hivi. Sindano nyembamba ikiwekwa kwenye 78 inatambaa chini kabisa ya mfereji, kwenye vumbi, na kinachosikika zaidi ni kukwaruza. Ukiona mhudumu ana sindano moja kwa sahani zote, mwachie za 45, za 78 rudi nazo nyumbani.

Ukiona sarafu ya shilingi imebandikwa juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke, funga mfuko wako uondoke. Kichwa cha kisasa hukandamiza kwa gramu 1.5 hadi 2 hivi. Sarafu inaongeza mzigo mara kadhaa, na sindano inakwangua kuta za mfereji kila mzunguko. Sahani inaruka kwa sababu ya uchafu, mkwaruzo au mkono usiosawazishwa. Sarafu inaficha kasoro kwa siku hiyo na kula sauti za juu milele, yaani konsonanti zilezile tunazozitafuta.

Kusafisha ni sehemu ya kazi na lazima kufanywe mbele yako. Maji yaliyokenekwa, tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini, kufuata mzunguko wa mfereji bila kukata katikati, kisha kusuuza kwa maji hayohayo yasiyo na sabuni. Maji ya bomba huacha chumvi yakikauka, na chumvi hiyo inasikika kama mafuta yanayokaangwa. Karatasi ya katikati isiloweshwe. Sahani ikauke ikiwa imesimama wima, kivulini. Jua la Kisumu saa saba mchana litaikunja kama chapati. Spiriti isiguse kabisa sahani za 78, kwa sababu nyingi ni za shelaki na spiriti huyeyusha shelaki. Hilo likitokea hakuna wa kulitengeneza.

Kasi ya mashine unaweza kuipima mwenyewe bila kifaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi pembeni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika nzima. Inapaswa kuwa 45. Ikiwa ni 46, sauti imepanda zaidi ya theluthi ya nusutoni, na sauti nzito ya mwimbaji inasikika nyepesi kidogo. Mkanda wa mpira uliochakaa au mota isiyorekebishwa ndiyo mara nyingi huleta hitilafu za kasi kwenye mashine za bei nafuu. Si jambo la kupuuza: Kijaluo ni lugha ya toni, na sikio la mzee anayekusaidia kutafsiri husumbuka sauti ikiwa imevutwa.

Kisha uliza ni nini kilicho kati ya mashine na kompyuta. Mashine ya santuri isiyo na kikuza sauti chake ikichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni, utapata sauti kali kama bati lililogongwa, besi hakuna. Sahani huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, ili mfereji usitanuke kupita kiasi. Prii-ampu, yaani kikuza sauti hicho, ndiyo inayogeuza hesabu hiyo na kurudisha uwiano. Vibanda visivyo nayo hujaribu kuongeza besi kwenye kompyuta kwa kukisia. Haifanani hata kidogo.

Rekodi iingie kama WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, na vilele vya sauti visipande juu ya desibeli 6 chini ya kikomo. Hiyo ni karibu MB 10 kwa dakika, kwa hiyo pande mbili za dakika tatu na nusu zitakula MB 70 hivi. Mhudumu atasema flashi itajaa haraka. Mwambie ijae. MP3 unaweza kujitengenezea baadaye kwa ajili ya gari. Kutoka MP3 hakuna njia ya kurudi.

Jambo ambalo wahudumu wachache hulifanya na lingefaa lifanywe na wote: sahani nyingi za benga za miaka ya 1960 na 1970 ni za mono, sauti moja imechongwa kwenye kuta zote mbili za mfereji. Ukirekodi kwa sindano ya stirio unapata nakala mbili za wimbo uleule, kushoto na kulia. Sikiliza kila upande peke yake. Mara nyingi ukuta mmoja umechakaa kuliko mwingine, na neno lililofifia kushoto linasikika wazi kulia. Ikiwa kuta zote ni nzima, ziunganishe, na kelele nyingi za kupanda na kushuka kwa sindano zitafutana zenyewe.

Halafu inakuja programu ya kuondoa kelele, na hapa ndipo huduma nyingi nzuri huharibika dakika ya mwisho. Mhudumu anabonyeza kitufe, mchakacho unakwisha, mteja anafurahi. Sasa chukua nyimbo za gita kavu, lisilo la umeme, za Magharibi mwa Kenya, ule mtindo wa omutibo uliojulikana sana kupitia George Mukabi. Nyuma ya gita kuna chupa ya Fanta inayokwaruzwa kwenye mabonde yake. Chraa, chraa, chraa. Kwa sikio la binadamu hiyo ni ngoma. Kwa programu ni mchakacho wa sahani, tena uliopangika vizuri, na inaufuta. Pamoja na chupa zinaondoka s na f za mwimbaji, zinazokaa kwenye masafa hayohayo. Nyingi za nyimbo hizo ni za Kiswahili, hazihitaji hata mtafsiri, lakini baada ya kusafishwa hivyo zinageuka kama mtu anaimba akiwa na blanketi mdomoni. Agiza hivi, kwa maneno haya: nipe nakala isiyoguswa, halafu ukitaka nipe na iliyosafishwa.

Mwisho wa kibanda: picha ya karatasi ya katikati, pande zote mbili. Pale pameandikwa mtunzi, bendi, sehemu ya kwanza au ya pili, na namba ya toleo. Lebo pia inakuambia wimbo ulipita mikononi mwa nani. Kuna sahani zilizopitia kwa A. P. Chandarana kule Kericho, ambako benga nyingi ilirekodiwa, na kuna zilizotoka kwa Phares Oluoch Kanindo na POK Music Stores yake, ambaye moja ya lebo zake, Sungura, ilifika mbali kiasi kwamba Zimbabwe waliliita tawi zima la muziki wao kwa jina hilo. Mtafsiri akijua jina la mtunzi na anakotoka, amepata nusu ya njia.

Sasa maneno. Huduma ya tatu, ya kuandikiwa na kutafsiriwa, ndiyo yenye tofauti kubwa zaidi kati ya kazi nzuri na mbovu, kwa sababu mteja hana jinsi ya kuikagua. Kazi mbovu ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, mistari imelainishwa, hakuna lugha asili. Usiilipie. Dai mistari mitatu kwa kila mstari wa wimbo: kwanza maneno kama yalivyoimbwa, chini yake kila neno na maana yake, chini yake maana ya sentensi nzima. Na kila mstari uwe na dakika na sekunde zake, ili ukibishana na mtu mweze kurudi palepale.

Kwa nini mstari wa katikati ni muhimu? Chukua neno kendo. Laweza kuwa kuoa. Laweza kuwa meko, mafiga ya jikoni. Laweza kuwa tena, au vilevile. Maandishi ya Kijaluo hayaweki alama za toni, kwa hiyo kwenye karatasi yote matatu yanafanana. Mtafsiri mwenye haraka huchagua kuoa, kwa sababu anatarajia wimbo wa mapenzi, na kuanzia hapo kila mstari unaofuata anaupinda uelekee harusini. Ukiwa na maneno asili na muda, mzee mmoja anaweza kukusahihishia kwa sekunde kumi.

Au chukua maneno mawili, odhi nindo. Tafsiri ya shuleni: ameenda kulala. Sahihi kabisa, na inaweza kupotosha kabisa. Katika wimbo wa maombolezo kulala ni kufa, kama tusemavyo sisi kwamba fulani amelala. Ishara zipo ukizitafuta: jina la baba na la kijiji yametajwa kwa ukamilifu, ndugu na wake wameorodheshwa mmoja mmoja, mwimbaji anauliza nani sasa atafanya hili na lile, na pengine mwishoni anasema nind gi kuwe, lala kwa amani. Ziko benga nyingi za namna hii. Mwendo ni wa kasi kwa sababu ndivyo benga ilivyo, msiba au sherehe, na anayezisikia Nakuru bila lugha huzichezesha kwenye harusi huku bibi harusi akizungushwa ukumbini. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Lakini mjomba aliyetoka Siaya ameinamisha kichwa mezani, na hakuna anayejua kwa nini.

Majina nayo yana sheria zake. Nyar ni binti wa, na hufuatwa na mahali: nyar Alego, nyar Gem, nyar Ugenya. Asiyejua hudhani mwimbaji anamtafuta msichana anayeishi Gem. Kwa kawaida mwanamke huitwa hivyo akiwa ameolewa kwingine. Ni jina la heshima la mahali alikozaliwa, na wifi na shemeji humwita hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo wimbo unaosikika kama kutongoza waweza kuwa mume anamsifu mkewe wa miaka thelathini, au mtoto anamkumbuka mama. Tena wako waliolipa ili waimbwe. Matajiri, walimu, wenye mabasi, walitunziwa nyimbo kwa majina yao na ya nyumba zao, na pakruok ya katikati ndiyo inayoonyesha aliyelipa ni nani. Ndiyo maana tunasisitiza isikatwe.

Wanyama wawe na daftari lao. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania na kiongozi wa Shirati Jazz, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, alijulikana kwa visa vya wanyama na vya Biblia ambavyo wasikilizaji walivielewa kama siasa, na alishawahi kutiwa mbaroni kwa sababu ya nyimbo zake. Apuoyo ni sungura, ondiek ni fisi, sibuor ni simba. Mtafsiri akiandika fisi na kuishia hapo, amefanya robo ya kazi. Robo tatu ni kuuliza wimbo ulitoka mwaka gani na nchini kulikuwa na nini mwaka huo, na swali hilo hujibiwa na mtu aliyekuwa mtu mzima wakati huo. Programu za kutafsiri za simuni hazina jibu la fisi.

Kwa nyimbo za Kiluhya sharti ni kali zaidi: mtafsiri atoke kwenye lahaja ya wimbo. Mbukusu hamalizi wimbo wa Kimaragoli, na Mmaragoli vivyo hivyo kwa Kibukusu. Maneno yanayofanana ndiyo huwadanganya zaidi kuliko yanayotofautiana. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwenye kuzaliwa, jandoni, harusini na matangani, na ngoma ni zilezile. Kinachotofautisha ni maneno na tukio. Ukienda Kakamega na rekodi ya simu iliyojaa ngoma na sauti zimefunikwa, usimlaumu mtafsiri, hakuna alichopewa.

Namna ya kumsikilizisha mzee ina adabu yake na ina ufundi. Mpe hedifoni zinazofunika masikio, si spika ya simu. Punguza mwendo hadi asilimia 80 bila kushusha sauti. Programu ya bure ya Audacity hufanya hivyo kwa amri ya kubadilisha tempo. Chini ya asilimia 70 maneno huanza kuyumba kama yako majini. Cheza mstari mmoja, simamisha, uliza: anaimba nini hapa, mzee? Usiulize: amesema kendo, sivyo? Mtu mpole atakubali ili asikuaibishe, na umejitungia wimbo wako. Neno likigoma, sikiliza gita la solo linalofuata mara moja baada ya mstari, kwa sababu katika benga gita hurudia sauti ya mwimbaji, mtindo ulioachwa na nyatiti. Likijibu kwa mapigo matano na wewe umeandika silabi tatu, kuna kitu hukukisikia. Mstari usioeleweka uachwe wazi kwenye karatasi, na uende kwa mtu wa pili bila kumwonyesha aliyoandika wa kwanza.

Wanaofanya kazi hii kwa uaminifu wapo, na walipwe vizuri, kwa saa na si kwa ukurasa. Wimbo wa dakika saba wenye ngero nzito unaweza kula mchana mzima wa watu wawili. Kwa upande wa kibanda, patana bei kwa sahani nzima, pande zote mbili, kabla sindano haijashuka. Na kabla hujatoa pesa, mwombe mhudumu afungue faili la upande wa pili na kucheza dakika ya mwisho, hadi pale sindano ilipokaribia karatasi na usikie ule mfereji mtupu ukizunguka. Ikiwa wimbo umekatwa kabla ya hapo, mrudishie sahani arekodi upya, ungali umesimama hapohapo kaunta.